Sifuri Nukta Tatu Isiyo Sawa na Sifuri Nukta Tatu

Saa mbili kasorobo asubuhi, mwanamke mmoja amesimama mbele ya mashine ya kusagia lenzi, mikono ameifumbata nyuma ya mgongo kama mtoto aliyekatazwa kugusa sufuria.

Maji yanachuruzika juu ya jiwe. Kioo kinazunguka. Chini ya kifuniko yanatoka matope meupe, mepesi kama uji wa mgonjwa, yanaingia kwenye ndoo. Mwanamke anahesabu kimoyomoyo, lakini midomo inamsaliti.

"Moja." Sekunde ishirini. "Mbili." Sekunde ishirini nyingine. "Tatu."

Jiwe linainuka. Kimya.

"Umeona, imesimama," anasema, na hapo ndipo anapovuta pumzi. "Kila siku inasimama. Na kila siku roho inanidunda pale kwenye tatu."

Katika karakana hii ya miwani hana jina jingine ila Kasoro. Alilipata enzi za ufagio, kwa sababu kila alipoulizwa kama amemaliza kufagia alijibu ukweli mtupu: "Nimemaliza, kasoro kona ile." Wengine wangesema wamemaliza, wakaenda zao.

Ukutani juu ya mashine kimegandishwa kwa gundi kipande cha kioo chembamba kama ukucha. Mgeni akiuliza ni nini, mafundi humwangalia Kasoro kwanza, halafu huangua kicheko. Yeye hutabasamu upande mmoja. Kipande hicho ndicho kilichosalia cha lenzi iliyokuwa nene milimita tano, na almanusura kimrudishe alikotoka.

Alikotoka si mbali. Ni hatua nne kutoka kwenye mashine, pembeni ya mlango, ambapo ufagio wake wa zamani bado umeegemezwa. Kwa miaka sita alifagia vumbi la vioo humu ndani, akikohoa jioni na kufua kitambaa cha kufungia pua asubuhi. Mshahara ulimtosha kulipia chumba na nusu ya chakula. Nusu nyingine ililetwa na wifi yake, mwoka mikate, anayeishi naye tangu mume wa Kasoro alipopata kazi ya mbali.

Karakana iliponunua kompyuta mpya, ile ya zamani ikawekwa stoo. Kasoro aliomba ruhusa ya kuifuta vumbi. Aliifuta kwa miaka miwili. Kila mchana, wenzake wakila, yeye alikuwa stoo na daftari, anajifundisha kuandika programu kutoka kwenye masomo ya bure, kitufe kimoja baada ya kingine.

"Watu walidhani nina mchumba humo ndani," anasema. "Babu Vumbi alikuwa anagonga mlango, anauliza, leo amekuambia nini?"

Babu Vumbi ndiye fundi mkuu. Amesaga lenzi kwa mkono miaka thelathini na moja. Sikio moja halisikii, na sasa vidole vimeanza kutetemeka, hawezi tena kuhimili vioo vinene. Ndiyo maana mwenye karakana, mama mmoja mkimya ambaye wote humwita Madamu, alileta mashine. Na ndiyo maana aliposikia kwamba mfagiaji wake anaweza kuandika programu ya kuiendesha, hakucheka. Alimpa miezi minne.

Kasoro alikaa na Babu Vumbi akaandika kila alichosema. Hatua ya mwisho ya lenzi mafundi huiita kusawazisha. Jiwe hupita juu ya kioo na kuondoa sehemu moja ya kumi ya milimita kila mara, mpaka kufikia kiasi kilichoagizwa. Maelekezo ya mzee yamo kwenye daftari mpaka leo, kwa kalamu nyekundu: *Saga mpaka iwe sawa. Ikiwa sawa, simama.*

Kasoro alivyoambiwa ndivyo alivyoiambia mashine. Jumlisha sifuri nukta moja kila jiwe linapopita. Ikiwa jumla ni sawa na lengo, simama.

Kwa siku tisa mashine ilifanya kazi kama saa. Lenzi kumi na tisa zilitoka zimenyooka. Kazi zilizoingia zilikuwa za kusaga sifuri nukta mbili, sifuri nukta nne, sifuri nukta tano, sita, saba. Jiwe lilisimama pale pale lilipotakiwa. Siku ya tisa Kasoro aliacha hata kuangalia.

Alhamisi ya siku ya kumi ukawekwa mzigo wa Mzee Soli.

Mzee Soli ni fundi viatu wa ng'ambo ya barabara. Alifanyiwa upasuaji wa macho, na bila miwani minene hakuna anachokiona karibu ila ukungu. Kioo cha unene ule hakipatikani kirahisi. Vilikuja vitatu tu, vya macho mawili na kimoja cha akiba, baada ya kusubiriwa miezi mitatu. Cha jicho la kulia kilikuwa kimeshasagwa salama, sifuri nukta tano. Cha kushoto kilihitaji sifuri nukta tatu.

Kasoro alifunga kioo, akabonyeza, akasikia jiwe limeanza. Wakati huo huo mwenye miwani akatokea mlangoni, kidole gumba kimefungwa kitambaa.

"Umefanyaje tena, Mzee?"

"Nimejishona," alijibu Mzee Soli. "Kiatu kilipona. Wateja nao wamepona, maana wamehamia kwa yule jirani mwenye macho yake. Binti yangu, miwani lini?"

"Kesho kutwa."

"Kesho kutwa ya kwako au ya kinyozi, isiyofika?"

Wakacheka. Wakazungumza. Mzee alikuwa na kisa cha mama mmoja aliyemletea viatu viwili vya kushoto akidai ni jozi. Kazi ya jiwe ilikuwa ya dakika moja, nao walikaa mlangoni robo saa.

Kilichomshtua Kasoro ni sauti. Mngurumo ulikuwa umegeuka mluzi, mwembamba, unaopanda. Alivuka chumba kwa hatua mbili, akapiga kitufe chekundu kwa kiganja, akainua kifuniko.

Kioo hakikuwapo. Kulikuwa na utando unaomeremeta, mwembamba kiasi kwamba alipougusa ulivunjika, kipande kimoja kikabaki kwenye ncha ya kidole chake. Jiwe lilitakiwa kupita mara tatu. Lilikuwa limepita mara arobaini na tano.

"Sikulia," anasema. "Nilitaka kulia nikakuta sijui pa kuanzia."

Mzee Soli, ambaye haoni karibu, aliuliza kutoka mlangoni, "Imekuwa tayari?"

Madamu alikuja akatazama ndoo, akatazama jiwe, akatazama kidole cha Kasoro. Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililowatia watu baridi. Kioo kile kilikuwa na thamani ya mshahara wa Kasoro wa siku kumi na tisa, lakini Madamu hakutaja hata senti.

"Kimebaki cha akiba, kimoja," alisema. "Mzee wa watu hawezi kungoja miezi mitatu mingine. Jumatatu mchana mashine itakisaga. Ikisimama, imesimama. Isiposimama, inarudi kwenye boksi lake." Kisha akageuza macho kuelekea mlangoni, kwenye ufagio, akayarudisha. "Na wewe unajua pako."

Ijumaa Kasoro alifungua kumbukumbu za mashine. Programu yake ilikuwa ikiandika kila hatua, na alidhani anajua atakachokikuta: labda waya umelegea, labda kitu kimeruka. Alishuka mstari kwa mstari hadi pale jiwe lilipopita mara ya tatu. Akasoma. Akafuta kioo cha kompyuta kwa mkono wa blauzi, akasoma tena. Akamwita Babu Vumbi.

"Nisomee hapa, Babu, kwa sauti. Nahisi mimi sijasoma."

Babu Vumbi alishika lenzi yake ya kukuzia, akainama. "Lengo, sifuri nukta tatu. Imesagwa, sifuri nukta tatu. Sawa?" Akasogeza lenzi karibu zaidi.

"Endelea."

"Hapana." Mzee alinyanyuka taratibu. "Sifuri nukta tatu na sifuri nukta tatu, inasema hapana. Hii mashine imerogwa, au imesomea wapi?"

Kasoro mwenyewe ndiye aliyeiambia kompyuta ionyeshe tarakimu moja tu baada ya nukta, kwa kuwa fundi hahitaji zaidi. Sasa aliiamuru itoe zote ilizo nazo. Ikatoa. Lengo lilikaa vile vile. Jumla ya sifuri nukta moja mara tatu ikajitandaza upande wa kulia: 0.30000000000000004.

Walizihesabu sifuri kwa ncha ya penseli. Kumi na tano baada ya tatu, kisha nne peke yake mwishoni, imejibanza kama mwizi nyuma ya mlango.

"Kwa kitu hicho?" aliuliza Babu Vumbi. "Kioo kizima kimeliwa kwa kitu hicho?"

Jibu la kwa nini lilikuwa limo kwenye somo ambalo Kasoro aliwahi kulisoma akalipita. Lilisema kompyuta haihesabu kwa makumi, inahesabu kwa kugawa nusu nusu. Alilielewa Jumamosi, mezani, akiwa na kisu na mkate wa wifi yake.

Aliukata nusu. Akakata robo. Akakata thumni, yaani nusu ya robo. Alikuwa anatafuta sehemu moja ya kumi kamili, bila kukata kwingine kokote ila katikati. Thumni ilikuwa kubwa mno. Nusu ya thumni ilikuwa ndogo. Akaongezea nusu ya hiyo, bado. Akaendelea kukata na kuongezea, mpaka kisu kikawa kinaponda makombo.

Wifi alisimama mlangoni na kikapu. "Wifi, mkate umekukosea nini?"

"Natafuta sehemu ya kumi."

"Kwa kukata nusu nusu? Haitoki. Mimi nakata mikate tangu sijavunja ungo, ungeniuliza kabla hujauua." Akavuta kiti. "Kaka yangu aliniambia ameoa mtu. Kumbe ameoa kikokotoo."

"Kompyuta nayo haiipati," alisema Kasoro, akiwa hamsikii vizuri. "Ikichoka kukata inaacha hapo hapo ilipofika. Inabaki na kombo limezidi au limepungua. Ukijumlisha mara tatu, makombo nayo yanajumlishana."

"Na siku zile tisa?"

Hapo ndipo alipoduwaa upya. Alikimbilia kompyuta yake ya stoo, ambayo sasa ilikuwa imehamia chumbani kwake, akajumlisha sifuri nukta moja hatua kwa hatua. Sifuri nukta mbili ikatoka safi. Nne ikatoka safi. Tano, sita na saba, safi, kwa kuwa makombo yalikuwa yamefutana yenyewe. Katika kazi zote ambazo zingeweza kuingia, zile kumi na tisa za kwanza zilikuwa zimeangukia namba zenye bahati. Alikuwa amejisifu kwa siku tisa kwa sababu ya bahati.

"Hilo liliniumiza kuliko kioo," anasema. "Kioo kilivunjika mara moja. Mimi nilikuwa nimekosea tangu siku ya kwanza na watu wananipongeza."

Jumapili Babu Vumbi alileta ufunguo, wakaingia karakanani wawili tu. Kasoro alikuwa na dawa tayari: badala ya kuiambia mashine isimame jumla ikiwa sawa na lengo, aliiambia isimame ikiwa imelifikia au imelipita. Kioo chakavu kikafungwa. Sifuri nukta tatu. Moja, mbili, tatu, jiwe likainuka. Babu Vumbi akapiga kofi la paja, akavaa koti.

"Subiri, Babu," alisema Kasoro. "Tujaribu zote."

Tano ilipita. Saba ikapita. Kwenye sifuri nukta nane jiwe lilishuka mara nane, wote wawili wakalingojea liinuke. Halikuinuka. Lilishuka mara ya tisa, likasaga, ndipo likasimama kwa adabu zote.

Babu Vumbi alivua koti. "Sasa hii imefanya makusudi."

Haikuwa makusudi. Safari hii kombo lilikuwa limepungua, si kuzidi. Mara nane za sifuri nukta moja zilikuwa zimeipa kompyuta 0.7999999999999999, na kwa kuwa hiyo haijafika nane, mashine ilifanya ilichoambiwa: ikaongeza. Kwa lenzi ya mtu, mara moja ya ziada ni lenzi ya kutupa. Kasoro aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Kesho yake ilikuwa Jumatatu.

Mzee Soli, aliyeuona mlango wazi siku isiyo ya kazi, alikuwa ameshaingia kwa kupapasa ukuta. Aliuliza mnafanya nini, akaelezwa, akakuna kichwa.

"Mnatafuta sawa kabisa? Kazi kwenu. Mimi nikikushonea kiatu kilicho sawa kabisa na mguu wako, utarudi jioni umekibeba mkononi. Kiatu lazima kipishane na mguu. Mimi huingiza kidole hapa nyuma ya kisigino. Kikiingia, chukua kiatu uende. Vikiingia viwili, nipe nikishone upya."

"Hata mimi," alisema Babu Vumbi, sikio zima likiwa upande wa mwenzake. "Miaka thelathini na moja nasema sawa, sijawahi kuona hiyo sawa ya huyu binti. Mimi napitisha kidole gumba, nachungulia taa, nasema sawa. Maana yake inatosha."

Kasoro anasema aliganda kama aliyemwagiwa maji. Alifungua daftari kwenye maandishi mekundu. *Saga mpaka iwe sawa.* Miezi minne alikuwa akilitazama neno hilo. Mzee alipolitamka alimaanisha inatosha. Yeye alipoliandika, kompyuta ilielewa namba mbili zilingane, bila kupishana hata unywele. Neno moja, na katikati yake lenzi nzima imepotea.

"Babu," aliuliza, "inatosha yako ni kiasi gani? Nitajie namba."

Babu Vumbi hakuwahi kuulizwa hivyo maishani. Alifikiri sana. Kidole cha Mzee Soli kilikuwa kikubwa mno. Kwenye kiatu ni nafasi ya kupumua, kwenye kioo ni maafa. Mwishowe akasema sehemu moja ya mia ya milimita, chini ya hapo hakuna jicho la binadamu litakalojua. Kasoro akapima kichwani. Kiasi hicho ni kikubwa kuliko makombo ya kompyuta, tena kwa mbali sana, na ni kidogo kuliko hatua moja ya jiwe. Kilikaa katikati barabara.

Akafuta mstari wa zamani. Mpya ulisema: toa lengo kwenye jumla, usijali kama imezidi au imepungua, na tofauti ikiwa ndogo kuliko kiasi hiki, simama. Kiasi chenyewe kilihitaji jina ndani ya programu. Alifikiri kidogo, akaandika *kasoro*.

Walijaribu kuanzia moja hadi tisa kwenye vioo chakavu tisa. Jiwe lilisimama mara tisa.

Jumatatu mchana hakuna aliyekwenda kula. Madamu alisimama karibu na mlango. Mzee Soli aliketi kwenye benchi, mikono juu ya magoti, uso ameuelekeza upande wa sauti. Kasoro alifunga kioo cha akiba, na kwa sababu vidole vilikuwa vinamtetemeka, Babu Vumbi alimwambia, "Nipishe, angalau mimi kutetemeka nimezoea," akakaza parafujo ya mwisho.

Akabonyeza. Moja. Mbili. Tatu.

Jiwe lilikaa juu ya kioo muda ambao Kasoro anaapa ulikuwa mwaka mzima. Kisha likainuka.

Babu Vumbi alipitisha kidole gumba, akachungulia taa. Hakusema sawa. Alimtazama Kasoro na kusema, "Inatosha." Madamu alichukua ufagio, Kasoro akamfuata kwa macho, lakini mama yule aliutumia tu kusukuma matope yaliyomwagika sakafuni, akaurudisha mahali pake, akaenda kula.

Sasa ni wiki ya saba. Lenzi mia mbili na kumi na mbili zimepita kwenye mashine na hakuna hata moja iliyosagwa kupita kiasi. Mshahara wa Kasoro umeongezeka kwa theluthi. Nusu ya chakula ya wifi imegeuka kuwa akiba ya tanuri jipya. Ng'ambo ya barabara Mzee Soli ametoa kitambaa kidoleni. Anaulizwa kila siku kama anaona sawa, na kila siku hujibu vile vile, bila kuinua kichwa kutoka kwenye sindano: "Kasoro kidogo. Tena mwambieni kwamba namsema yeye."

Kasoro ana mipango miwili. Wa kwanza ni wa wiki hii: kwenye skrini ya mashine, pale panapouliza SAWA?, anataka paulize INATOSHA?, ili mtu atakayeirithi programu yake asije akadanganywa na neno.

Wa pili ni wa macho yake mwenyewe. Miaka miwili ya kukaza macho stoo imemfikia, herufi zimeanza kucheza. Amepimwa, kioo chake kimeagizwa, kitafika mwisho wa mwezi. Kinahitaji kusawazishwa kwa sifuri nukta tatu.

"Nitakifunga mwenyewe na nitabonyeza mwenyewe," anasema, huku mikono ikijifungua taratibu kutoka mgongoni. "Halafu nitatoka nje nikapige soga na Mzee Soli. Robo saa nzima."